Mgane Niliyemficha

Mwaka 2014, kwenye karakana ya useremala mjini Morogoro, rafiki yangu aliniuliza swali moja nami nikamjibu uongo. Ulimi haukuteleza. Jibu la kweli nilikuwa nalo, nilikuwa nimelisoma kwa macho yangu miaka mitano nyuma, na kwa muda ule mfupi wa kumeza mate nililiacha nikatoa jingine. Nimechelewa kuyaandika haya. Fundi mwenyewe ameniruhusu, ila jina lake nisilitaje.

Mimi ni mwalimu wa Biblia. Kwa zaidi ya miaka kumi nilizunguka kwenye makongamano ya vijana, mikesha ya wanafunzi na semina za wazee wa kanisa nikifundisha utetezi wa imani, yaani namna ya kumjibu anayetuuliza kwa nini tunaamini. Somo hili kwetu lina moto wake. Tumekulia kwenye mihadhara ya viwanjani, ambako mtu husimama na vitabu vitakatifu mezani, vipaza sauti vimewekwa pande zote, na umati unangoja kuona nani atakosa jibu. Anayekosa jibu anaonekana kashindwa, na dini yake imeshindwa pamoja naye. Hofu hiyo ya kukosa jibu niliingia nayo kazini. Nilifundisha ndani ya kumbi zenye feni na projekta, lakini moyoni nilikuwa bado nimesimama pale kiwanjani.

Mtu niliyemtegemea kuliko wote alikuwa mwandishi C. S. Lewis, na maisha yake niliyasimulia mara nyingi hata nikawa nayajua kwa pumzi, wapi pa kukaza sauti na wapi pa kushusha. Alizaliwa Belfast tarehe 29 Novemba 1898, nyumbani wakimwita Jack. Utoto niliupita kwa sentensi mbili nikakimbilia 1914, alipopelekwa Great Bookham huko Uingereza kusoma kwa mzee William Kirkpatrick, mwalimu asiyeamini Mungu, ambaye mtu hakuweza kutamka jambo mbele yake asiulizwe amelijuaje. Vijana walimpenda sana Kirkpatrick. Niliwaambia kwamba mkanamungu ndiye aliyemnolea Lewis kisu. Kisha vita: Lewis alifika mstari wa mbele Ufaransa siku aliyotimiza miaka 19, na Aprili 1918 akajeruhiwa. Kisha Oxford, ambako mwaka 1925 alipata nafasi ya kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Magdalen, akiwa bado hana dini.

Hapo ndipo nilipopunguza mwendo. Usiku wa tarehe 19 Septemba 1931 anatembea kwenye njia ya miti iitwayo Addison's Walk pamoja na J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson, wakibishana kuhusu hadithi za kale na habari za Kristo mpaka usiku wa manane. Siku tisa baadaye yuko safarini kwenda bustani ya wanyama ya Whipsnade, kaka yake Warren anaendesha pikipiki, yeye amekaa kwenye kigari cha ubavuni. Na katika safari hiyo akavuka kutoka kutoamini hadi kuamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Vijana wetu wa bodaboda walifurahi mno hapo. Kisha nikaja kwenye vita vya pili, kitabu chake cha 1940 kuhusu maumivu, The Problem of Pain, na mazungumzo yake kwenye redio ya BBC kuanzia 1941, watu wakimsikiliza katikati ya vita. Mazungumzo hayo yakakusanywa mwaka 1952 kuwa Mere Christianity. Nikafunga kitabu. Watu wakapiga makofi.

Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku ileile aliyouawa Rais Kennedy. Yaani kila niliposimulia maisha yake nilimkatia miaka kumi na moja ya mwisho, na hakuna aliyeniuliza imekwenda wapi.

Kukata huko kulianzia jambo dogo. Mwaka 1947 Lewis alitoa kitabu kuhusu miujiza, na katika sura ya tatu alijenga hoja kwamba mtu anayesema hakuna kitu zaidi ya maumbile anajipinga mwenyewe, kwa sababu anatumia akili ambayo, kwa maneno yake huyo mtu, ni tukio la maumbile tu lisilo na deni kwa ukweli. Nilikuwa naipenda hoja hiyo kama mtu anavyopenda panga lake. Lakini tarehe 2 Februari 1948, mbele ya klabu ya Socratic pale Oxford, ambayo Lewis mwenyewe alikuwa rais wake, mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, Mkatoliki ambaye hakuwa hata na miaka thelathini, alisimama akaonyesha nyufa za sura ile moja baada ya nyingine. Kitabu kilipotolewa upya mwaka 1960, Lewis alikuwa ameiandika upya sehemu kubwa ya sura hiyo. Miaka mingi baadaye Anscombe aliandika kwamba kule kuiandika upya kulidhihirisha unyofu wa mtu huyo.

Haya nilikuwa nayajua. Katika semina moja Dodoma mwalimu wa sekondari alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kama ni kweli Lewis alisahihishwa hadharani na mwanamke Mkristo mwenzake. Nikamwambia hayo ni maneno ya watu, nikaita swali linalofuata. Alikaa chini. Bado naukumbuka uso wake. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameona aibu kwa ajili yangu. Ningemwambia ukweli angeondoka akimheshimu Lewis zaidi. Lakini mimi sikuwa nataka Lewis wa kuheshimiwa, nilitaka Lewis asiyeshindwa.

Sasa nije kwa Fundi.

Tulifahamiana kwenye kwaya, yeye besi, mimi teno. Alikuwa mzee wa kanisa na seremala wa kutegemewa. Madawati ya darasa letu la kipaimara aliyatengeneza yeye na hakudai hata senti. Mkewe, shemeji yangu, aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, na huku nyuma mimi ndiye niliyepanga zamu za maombi, nyumba kwa nyumba, usiku na mchana. Alirudi akiwa na nguvu. Uzito ukarudi, akarudi shambani, na Jumapili moja akasimama mbele ya kanisa kushuhudia. Nilimshikia kipaza sauti. Niliwaambia watu wamtazame, wakawaambie wasioamini.

Mwaka haukuisha vizuri, ugonjwa ukarudi. Safari hii haukukaa.

Tulipoanua matanga na watu wakatawanyika, nilimfuata karakanani. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kazi, maranda yamejaa sakafuni, kabati la mninga aliloanza kumtengenezea mkewe limesimama ukutani bila milango. Akaniambia, "Mwalimu, kama alikuwa amchukue, alimponya wa nini? Si angemwacha tu mara ya kwanza. Tulikuwa tumeshajiandaa." Akasema pia kwamba akisali usiku anahisi kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yenye watu, taa zinawaka ndani, na hakuna anayeitika.

Mtu mwenye akili timamu angekaa kwenye maranda yale akanyamaza. Mimi nilifungua mkoba. Nilimweleza hoja ya kitabu cha 1940, kwamba katika raha Mungu hutunong'oneza na katika maumivu hutusemesha kwa kipaza sauti. Nilitumia neno hilohilo, kipaza sauti, kwa mtu ambaye mwaka uliopita nilimshikia mkewe kipaza sauti kanisani. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, bila ubishi wowote, kwa kutaka kujua:

"Huyo mzungu wako, yeye aliwahi kuzika mke?"

Nikasema, "Hapana." Na kwa kuwa uongo mmoja haukai peke yake nikaongeza, "Lakini aliona vita, alizika rafiki zake, na imani yake haikutikisika."

Nataka nieleze kilichopita kichwani mwangu kwa sababu nimejichunguza sana. Sikutaka kumdanganya Fundi ili nimuumize. Niliona kwamba nikisema ndiyo, atauliza, "Akasemaje?" Na mimi nilijua alichosema. Mwaka 2009 nilikuwa nimesoma kwa usiku mmoja kitabu chembamba kiitwacho A Grief Observed, nikakifunga na kukisukuma nyuma ya vingine kwenye rafu, mgongo wake umeelekea ukutani. Sikumtajia mtu. Kilikuwa kitabu cha mtetezi wa imani akiwa hana utetezi, na mimi niliona kikitoka hadharani kazi yangu yote itabomoka.

Maana Lewis alizika mke.

Aliitwa Joy Davidman, Mmarekani, mshairi, mtoto wa Wayahudi, aliyewahi kuwa mkomunisti kabla ya kumwamini Kristo, mama wa wavulana wawili. Walianza kwa barua mwaka 1950. Aprili 1956 walifunga ndoa ya serikali ili apate kuendelea kuishi Uingereza. Lewis alikuwa na miaka 57 na hajawahi kuoa. Miezi michache baadaye mfupa wa paja la Joy ukavunjika, na madaktari wakakuta saratani. Tarehe 21 Machi 1957 padri wa Kianglikana, Peter Bide, aliwafungisha ndoa ya kanisa kando ya kitanda cha hospitali mjini Oxford, akamwekea mgonjwa mikono na kumwombea. Wote walidhani wanafunga ndoa ya siku chache. Joy akapata nafuu. Mifupa ikajijenga, akasimama, akatembea, akaisimamia nyumba yao ya The Kilns. Mwishoni mwa 1959 saratani ikarudi. Aprili 1960 walisafiri pamoja hadi Ugiriki, kama alivyotamani siku zote. Tarehe 13 Julai 1960 akafariki, na miaka 45 tu.

Msomaji ameshaona. Nafuu baada ya maombi, kisha kurudi kwa ugonjwa: kisa cha Fundi nilikuwa nacho kwenye rafu yangu tangu 2009, kimeandikwa na mtu ninayemtaja kila Jumamosi. Katika madaftari aliyoyajaza wiki zile, Lewis anauliza nafuu ile ilikuwa na maana gani. Anaogopa kuliko yote asije akaamini kwamba Mungu yupo na ndivyo alivyo. Anasimulia naye kwamba alipokuwa na shida kubwa alikuta mlango umekomewa kutoka ndani. Ni Fundi mtupu. Kitabu kilichapishwa 1961 chini ya jina la bandia, N. W. Clerk, na jina lake halisi halikuwekwa mpaka alipokwisha kufa. Wala hakiishii kwenye kufuru. Kurasa za mwisho zina utulivu ambao haukuletwa na hoja. Mtu amechoka kupiga mlango kwa ngumi, na katika uchovu huo anaona kwamba kimya kile si cha kumfukuza.

Hayo yote nilimnyima kwa neno moja.

Fundi alitoka kwenye kwaya kimyakimya. Kwanza alisema ana kazi nyingi. Baadaye hakusema kitu. Uzee wa kanisa ukaisha muda wake asigombee tena. Nikikutana naye sokoni tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto, na mimi nikawa nawaambia wenzangu kwamba msiba umemlemea, apewe muda. Miaka minne nilisema apewe muda.

Mwaka 2018 binti yake, aliyekuwa chuo cha ualimu, alinunua kitabu kile kwa wauza vitabu vya mitumba barabarani Dar es Salaam. Alivutiwa na jina la mwandishi kwa sababu alinisikia nikilitaja tangu akiwa mdogo. Alikisoma, akarudi likizo akamweleza baba yake. Jumamosi jioni Fundi alikuja kwangu. Hodi yake niliijua. Mke wangu akamkaribisha kiti, akashukuru akabaki amesimama.

"Mwalimu, ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Niliona hata namna ya kulisema. Nikajibu, "Nilijua."

Hakupandisha sauti. Alisema kwamba siku ile karakanani, nilipomwambia imani ya yule mtu haikutikisika, alihitimisha kwamba basi ubovu uko kwake. Kwamba wako watu wa imani, na yeye alikuwa akijidanganya miaka yote ile. Alisema, "Nimeona haya kusali, Mwalimu. Miaka minne. Nikadhani mimi tu ndiye niliyemuuliza Mungu maswali yale." Akaweka mkono kwenye nguzo ya baraza kama anapima mbao, akaaga, akaondoka.

Usiku huo nilitoa kitabu nyuma ya rafu. Nilitafuta pia hotuba ambayo Lewis aliwapa wachungaji na viongozi wa vijana huko Wales mwaka 1945, kuhusu kazi hii ya kutetea imani. Nilikuwa nimeitumia mara nyingi, kwa kuwa imejaa mashauri ya namna ya kuongea na watu wa kawaida. Mwisho wake nilikuwa nikiuruka. Mwishoni anawaonya kwamba hakuna kazi ya hatari zaidi kwa imani ya mtu mwenyewe. Kwamba fundisho halififii machoni pa mtu kama pale anapotoka kulitetea kwa ushindi, kwa sababu kwa dakika chache limeonekana kuegemea kwenye nguzo dhaifu ambayo ni yeye. Aliyasema hayo mwaka 1945, akiwa kileleni, miaka miwili kabla jarida la Time halijaweka picha yake kwenye jalada. Mimi ndiye niliyeiona hatari hiyo kuwa haifai kufundishwa.

Kosa langu halikumhusu Fundi peke yake. Kumbi kwa kumbi za vijana ziliondoka na Lewis niliyemkata mimi. Najua walioniandikia baadaye kuniomba hoja ya kumaliza mashaka, nami nikawatumia hoja. Siwezi kuwafikia wote. Niliwaandikia wale ambao namba zao nilikuwa nazo, na nilimtafuta mwalimu wa Dodoma, nikamkuta, nikamwomba radhi kwa jibu lile. Alisema alikwisha kusahau. Sidhani kama alikuwa amesahau.

Kwa Fundi nilikwenda wiki iliyofuata. Nilipiga hodi mara tatu kama desturi, na nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliposema, "Pita." Nilimwomba msamaha bila maelezo. Alisema amesikia. Baada ya muda akasema Kiingereza chake hakifiki mbali, binti amerudi chuo, na kitabu kile angependa kukisikia chote, hata sehemu mbaya. Tangu hapo, Alhamisi jioni, nimekuwa nikikaa kwenye benchi lake nikimfasiria ukurasa kwa ukurasa huku akipiga randa. Sehemu nyingine huniambia niishie hapo kwa leo. Kwaya hajarudi, na mimi sijamwambia arudi.

Tulipokimaliza akataka vingine vya mtu huyo, "ila si vya kubishana." Nikamletea hadithi za watoto. Nikamweleza kwanza jambo ambalo kwenye semina nilikuwa nikilipita kwa sentensi mbili: kwamba Agosti 1908, Belfast, Lewis akiwa na miaka tisa, mama yake Flora alifariki kwa saratani, naye alikuwa ameomba kwa moyo wote apone. Halafu nikamsomea The Magician's Nephew ya 1955, yenye mtoto anayeitwa Digory ambaye mama yake yuko kitandani anakufa. Simba, aliye mfalme wa nchi ya hadithi hiyo, anampa tofaa. Mama anakula, analala usingizi mwema, anapona. Kokwa linafukiwa bustanini, unaota mti, na miaka mingi baadaye dhoruba inauangusha. Digory, mtu mzima sasa, hakuvumilia upasuliwe kuni, akaagiza utengenezwe kabati.

Fundi akasimamisha randa. Aliuliza kabati lilikuwa la ukubwa gani. Nikamwambia la kutundikia makoti, watoto waliweza kuingia ndani. Akasema mbao za miti ya matunda zinapinda usipokuwa na subira nazo. Akalitazama lile la mninga ukutani, ambalo sasa lina mlango mmoja.

"Mama wa kwenye kitabu alipona kabisa?"

"Kabisa."

"Na mama yake mwenyewe?"

"Walimzika."

Akapangusa maranda kwenye benchi kwa kiganja.

"Nisomee tena pale anapokula."